Gari Dogo Linaloogopa Mvua

Jumatatu, 10 Januari 1955

Asubuhi nzima chini ya lori. Jani la springi limevunjika tena, la tatu tangu mvua zianze. Wanapakia mahindi kama wanahama nchi, halafu wananiuliza kwa nini springi zinavunjika.

Saa nane gari dogo likaletwa na ng'ombe wanne wa mtu wa Kizwite. Limevutwa kutoka mtaroni kwa kamba ya katani. Mara ya pili mwezi huu. Bwana Nassoro, tajiri wangu, alilinunua kwa Bwana Shamba Mzungu aliyerudi kwao. Duka halimtoshi, malori mawili hayamtoshi, alitaka na yeye aonekane akipita Boma ndani ya gari la starehe. Sasa anaonekana nyuma ya ng'ombe.

Dereva ni Pius. Pius ni shemeji yangu, mdogo wake Veronika mke wangu. Naliandika hili bila fahari. Alisimama pembeni na matope hadi magotini, ananiambia, "Shemeji, gari hili likinyeshewa halinisikii." Halimsikii! Kwani ni mke?

Jumanne, 11 Januari

Nimelikagua lote. Breki zinashika sawasawa magurudumu yote manne. Tairodi za usukani hazijalegea. Beringi nzima. Shokamzoba nimezisukuma kwa mikono, nzima. Matairi yana meno.

Gari lenyewe ni kichekesho. Injini nyuma, mizigo mbele. Mzungu aliyelichora alikuwa analala kichwa kikiwa upande wa miguu. Lakini si bovu. Nimefanya kazi ya magari miaka kumi na minne na najua gari bovu linavyonuka.

Pius ananifuata kama mbuzi wa kamba. Anasema usukani kwenye matope unakuwa mwepesi, "kama nimeshika sufuria tupu." Anasema akiachia mafuta kwenye kona, nyuma inataka kupita mbele, kwa hiyo anajaribu kupunguza mwendo kabla. Nilicheka hadi spana ikaniponyoka. Nikamwambia, dereva asiyejua kazi husingizia gari.

Hata hivyo nimemsaidia. Mwezi uliopita nilimwekea gunia moja la mchanga nyuma ya kiti cha nyuma. Leo nimeongeza la pili. Kila dereva wa Ufipa anajua: masika ikifika, gari tupu unalitia mchanga nyuma lishike ardhi. Hata mwendawazimu wa sokoni anajua. Matairi nayo nimeyajaza upepo mpaka yakawa magumu kama mbao, yote manne, kama ya lori. Mzungu alikuwa anatembelea matairi malegevu kama maandazi ya jana.

Akishindwa sasa, basi ameshindwa mwenyewe.

Jumatano, 12 Januari

Jua siku nzima. Pius amekwenda Boma na kurudi mara tatu. Hakuna mtaro. Nilijua.

Ijumaa, 14 Januari

Nilijua pia hili litakuja.

Mvua kubwa tangu adhuhuri. Bwana Nassoro anatoka msikitini, kanzu nyeupe, kofia ya kazi nzuri, anataka apelekwe kwa mgonjwa Kizwite. Kwenye mteremko, ile kona ya udongo mwekundu, gari likageuka kama mbwa anayetafuta mkia wake. Likaingia mtaroni kinyumenyume. Hakuna aliyeumia. Kanzu ndiyo iliyokufa.

Saa kumi na moja Bwana Nassoro akaniita barazani kwake. Watu walikuwepo. Wazee wawili waliotoka naye msikitini, karani wa Boma, mshonaji wake na mteja mmoja wa chumvi. Pius amesimama chini ya ngazi, mvua inamnyeshea, hakuna aliyemwambia apande. Bwana Nassoro akauliza swali moja tu. "Fundi Severini, mimi sijui magari. Ni gari au ni dereva?"

Nikasema ni dereva.

Sikuishia hapo. Nikasema Pius mikono yake ni ya kushika jembe, apewe jembe. Mshonaji alicheka akaangusha sindano. Nilipenda walivyocheka.

Jumamosi, 15 Januari

Pius amefukuzwa. Asubuhi alirudisha ufunguo, akaaga.

Veronika amejua. Hakuniuliza lolote. Ameweka ugali wa ulezi na maharage mbele yangu akaenda kukaa jikoni. Maharage hayakuwa na chumvi. Nimekula hivyohivyo, sikumpa raha ya kumwomba.

Nasema tena humu ambako hakuna wa kunibishia: kuajiri mtu asiyejua kazi kwa sababu ni shemeji yako ni wizi. Nimefanya haki.

Jumapili, 16 Januari

Misa ya kwanza. Padri alihubiri habari ya jirani. Sikusikiliza, alikuwa na mafua.

Pius ameondoka na lori la mahindi kurudi kwa mama yake Chala. Yeye, mke wake ambaye ni mja mzito, watoto watatu, magodoro mawili, wote juu ya magunia, wamejifunika turubai. Veronika aliwasindikiza. Mimi nilikuwa na kazi. Uongo. Sikuwa na kazi.

Jumanne, 18 Januari

Bwana Nassoro amenipa ufunguo wa gari dogo. Niendeshe mimi mpaka apatikane dereva mwingine. "Wewe unalijua," alisema. Nalijua, ndiyo. Nimelipitisha mbele ya duka polepole ili mshonaji aone dereva anavyokaa.

Kavu leo. Linakwenda kama maji kwenye mfereji.

Jumatano, 19 Januari

Sitaki kuandika hili.

Saa tatu asubuhi, mvua ya manyunyu tu. Nilikuwa peke yangu. Mteremko uleule, kona ileile. Sikuwa na haraka. Nikageuza usukani na mbele hapakugeuka. Usukani ulikuwa mwepesi, hauna kitu chochote ndani yake. Nikaachia mafuta, kama mtu yeyote mwenye akili angefanya. Ndipo nyuma ikanipita. Niliona barabara niliyotoka, kisha shamba la mtu, kisha mtaro.

Akina mama waliokuwa wanakwenda sokoni na vikapu vya maharage walisimama. Mmoja akasema kwa sauti, "Kumbe na fundi!" Wengine wakaangua kicheko. Nilikaa ndani ya gari mpaka wakapita.

Ng'ombe walewale. Mwenye ng'ombe hakunisalimia, alianza kufunga kamba tu, ameshaizoea kazi.

Alhamisi, 20 Januari

Bwana Nassoro aliuliza kulikoni. Nikamwambia ng'ombe alikatisha barabara. Akasema pole. Akaniletea chai ya maziwa kwa mkono wake mwenyewe.

Nimewadharau watu wengi katika daftari hili. Leo nimeandika jina langu juu ya ukurasa mwingine, chini yake sikuandika kitu. Ng'ombe alikatisha. Mtu mzima, nasingizia ng'ombe.

Ijumaa, 21 Januari

Barua imefika kutoka Chala. Pius ameiandika kwa dada yake. Jumamosi ya wiki ijayo, tarehe 29, anaondoka na wanaume wengine watano kwenda migodini Rhodesia ya Kaskazini. Mke anabaki na mama yake mpaka ajifungue. Mkataba miezi kumi na minane.

Veronika alinisomea yote, mpaka salamu. Nimetajwa katika salamu. Kisha akasema maneno yake ya kwanza kwangu tangu Jumamosi. "Habari za Kizwite nimezisikia sokoni. Mdogo wangu alikuambia usukani ni mwepesi, ukacheka. Nyani haoni kundule."

Nilimwambia asinifundishe magari. Akaniambia hafundishi magari. Akaondoka kwenda kuchota maji, na ndoo ilikuwa imejaa.

Baba yao alikwenda migodini huko huko. Hakurudi. Sikuwa nimelifikiria hilo. Nimelifikiria leo mchana kutwa.

Jumapili, 23 Januari

Baada ya Misa nimelipeleka gari kwenye uwanja wa mpira. Majani na matope, hakuna mtaro. Mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri. Watu walikuja kutazama, wengine na miavuli, wameona sinema imefika Sumbawanga. Karani wa Boma alikuwepo na kiatu chake cha rangi mbili. Nikawaacha wacheke.

Mzunguko wa kwanza, polepole. Nikakata kona. Mbele hapakuitika, nyuma ikachomoka. Mzunguko wa pili, vilevile.

Nikashuka. Nikaacha kulitazama gari nikatazama chini. Hapo ndipo ninapotaka kujipiga makofi. Magurudumu ya nyuma yalikuwa yamechimba matope kina cha vidole vinne. Ya mbele yalikuwa yamekwaruza tu, kidole kimoja hakijai. Mwindaji yeyote angeniambia: mnyama huyu anatembelea miguu ya nyuma.

Lori injini iko mbele. Likiwa tupu nyuma ni jepesi, ndiyo maana tunalitia mchanga. Gari hili injini iko nyuma. Nyuma tayari kuna mzigo. Nami nikapakia gunia juu ya injini, halafu gunia la pili juu ya lile la kwanza. Nilikuwa nalinyanyua gari mbele kila nilipomsaidia Pius. Miaka kumi na minne ya kazi. Niliicheka injini ile kwa mdomo wangu mwenyewe, nikaenda kuweka mchanga hapohapo.

Nikatoa magunia yote mawili. Mzunguko wa tatu: nafuu. Nikalichukua gunia moja nikaliweka mbele, chini ya boneti, mahali pa mizigo. Mzunguko wa nne: usukani umepata uzito. Bado nyuma inacheza kidogo, lakini inaonya kwanza.

Karani akauliza kwa Kiswahili chake cha ofisini kama magunia yale ni duka ninalohamisha. Nikawasha gari nikaondoka.

Jumatatu, 24 Januari

Kuna kitabu kidogo kwenye mfuko wa mlango. Kiko pale tangu siku gari linanunuliwa. Sijawahi kukifungua. Nani anasoma kitabu cha gari? Mtu asiyejua gari.

Kiingereza changu ni cha kuazima, lakini namba ni namba. Upepo wa mbele ratili kumi na nane. Nyuma ishirini na sita. Wameandika kwa wino mzito kabisa, kama wanaongea na mjinga. Mimi nilitia thelathini na tano kila moja. Mbele tayari kulikuwa kwepesi, nikapafanya pagumu pia. Tairi gumu kwenye tope ni kisigino cha kiatu kwenye sakafu iliyomwagika mafuta.

Nimerekebisha kwa geji, kile kipimo cha upepo. Mbele kumi na nane, nyuma ishirini na sita. Nimepima mara mbili.

Na Mzungu wa matairi malegevu alikuwa sahihi. Hilo nalo nalimeza.

Jumanne, 25 Januari

Hakuna mvua. Mawingu yamesimama tu juu ya milima kama wazee wasiotaka kwenda nyumbani. Siku ya pekee maishani mwangu ninapoihitaji mvua.

Siku nne zimebaki.

Jumatano, 26 Januari

Mvua! Nzito, ya saa mbili nzima. Nimekwenda Kizwite. Mteremko ule, kona ile. Sikuachia mafuta ghafla, nilipunguza kabla ya kona kama Pius alivyokuwa akiniambia anajaribu kufanya. Gari limekata. Nikageuka nikarudi. Limekata. Mara sita. Mwenye ng'ombe alikuwa mlangoni kwake na kamba mkononi, akairudisha ndani.

Nilipaswa kufurahi. Sikufurahi.

Sasa ninaweza kunyamaza. Gari limepona, tajiri ameridhika, jina langu limebaki zima, na hakuna mtu Sumbawanga anayejua nini kilikuwa nyuma ya kiti. Naliandika ili nione linavyoonekana. Linaonekana vibaya.

Alhamisi, 27 Januari

Nimekwenda barazani. Nilichagua saa ya watu, saa kumi na moja, kwa sababu kama ningekwenda asubuhi ningemwambia Bwana Nassoro peke yake na ningelipamba. Wazee wawili walikuwepo. Mshonaji alikuwepo. Mteja wa chumvi sikumwona, ana bahati.

Nikasema nimesimama. Gari lilikuwa zima. Dereva alikuwa mzima. Mchanga ulikuwa wangu, upepo ulikuwa wangu, na ng'ombe aliyekatisha barabara hakuwepo.

Nilingoja anitukane. Ningependa anitukane. Bwana Nassoro ni mtu ninayemcheka kila wiki humu, kwa kofia zake na kwa gari lake la kujionyesha. Alivua miwani, akaifuta kwa kanzu. Kisha akasema, "Nilikuuliza kwa sababu nilikuamini, fundi. Na mimi nimemfukuza mtu na watoto wake." Akanipa ufunguo. "Uliomtoa ni ulimi wako. Sasa na miguu ya kumrudisha iwe yako. Kamlete."

Mshonaji hakucheka. Nilitamani acheke.

Ijumaa, 28 Januari

Nimeondoka alfajiri kwenda Chala. Mvua njia nzima. Mara mbili nilikuta malori yamezama na watu wamekaa chini ya turubai wakichoma mahindi, wakanipungia mkono wakidhani nami nitazama mbele. Kuna kona moja kabla ya daraja la magogo ambapo nyuma ilianza kutoka. Mguu wangu ulitaka kuachia mafuta. Niliulazimisha ukae. Gari likajinyoosha.

Pius alikuwa shambani na mama yake. Wanafukia majani kwa udongo, wanainua matuta, yale ya duara tunayolimia sisi Wafipa, majani yaoze chini ili ulezi upate nguvu mwakani. Mama mkwe aliponiona aliacha jembe akageuza uso, kama desturi inavyotaka. Leo sikujua kama ni desturi au ni mimi. Nikasema shikamoo mama. Akaitikia marahaba akiwa amegeukia kilima.

Nilimweleza Pius yote, pale pale matopeni, mama yake akisikia. Nyayo za magurudumu. Gunia la kwanza, gunia la pili. Upepo. Kitabu. Ng'ombe wa uongo. Maneno niliyosema barazani aliyajua tayari, alikuwa chini ya ngazi, lakini niliyarudia yote moja moja na kusema kila moja lilikuwa uongo. Sijawahi kusema maneno mengi namna ile bila kumcheka mtu.

Yeye aliendelea kulima. Alimaliza tuta alilokuwa nalo, akaanza jingine. Mimi nimesimama na kofia mkononi. Alipomaliza la pili akasema, "Gari nimelisamehe, shemeji. Wewe bado."

Nikasema sawa. Nikamwuliza, na migodi? Akasema atafikiri. Nikamwuliza kama naweza kuwaambia wale wenzake watano kwamba haendi. Akasema ana mdomo wake.

Mke wake alinipa uji ugani. Tumbo limeshakuwa kubwa. Sikuweza kumtazama usoni, nilitazama kata ya uji.

Jumamosi, 29 Januari

Nimerudi jana jioni. Veronika aliuliza, "Umesema?" Nikasema nimesema. "Mbele ya mama?" Mbele ya mama. Akatia chumvi kwenye mboga.

Leo lori la wanaokwenda Rhodesia limepita hapa saa nne na kusimama kwa mafuta. Niliacha kazi nikaenda kutazama. Watu wamejaa juu kama kuni. Nilihesabu nyuso. Nikazunguka upande wa pili nikahesabu tena. Kijana mmoja wa Chala akanitambua akapaza sauti, "Hayumo, fundi!"

Niliketi kwenye debe tupu la mafuta mpaka lori likaondoka.

Jumatatu, 31 Januari

Hajaja. Nimebadilisha bomba la radieta ya lori. Nimelipasua nikilifunga kwa nguvu. Nimelibadilisha tena.

Jumatano, 2 Februari

Mvua ya polepole tangu asubuhi, ile isiyo na haraka.

Pius amekuja saa mbili na viatu mkononi. Ametembea kutoka njia panda. Alipitia kwa Bwana Nassoro kwanza, wakaongea ndani, kisha akaja gereji. Tukasalimiana. Anatakiwa kumpeleka Bwana Nassoro kwa mgonjwa, Kizwite.

Nilikuwa nimekwisha kuliandaa gari. Gunia liko mbele. Upepo nimeupima alfajiri, magurudumu manne, mara mbili mbili. Nikamwambia kila kitu tayari.

Akanyoosha mkono. Sikuelewa. Akasema, "Geji."

Nikampa. Alichuchumaa kwenye tairi la kwanza akapima. Akaenda la pili. Akazunguka nyuma, la tatu, la nne, bila kuharakisha, maji yanamtiririka shingoni. Kisha akafungua boneti akalisukuma gunia kwa kiganja aone kama limekaa.

Nilisimama mlangoni nikamwacha apime. Yote yalikuwa sawa. Akanirudishia geji, akapangusa mikono kwenye suruali, akawasha gari akaondoka.